Sura ya Nne: Jora la Merekani

Muulize mwanafunzi wa sekondari kwa nini mataifa ya Ulaya yalikuja kuitawala Afrika, naye atakujibu bila kusita: yalitafuta malighafi, masoko na mahali pa kuwekeza mitaji. Jibu ni sahihi, na msahihishaji wa mtihani atampa alama zake zote. Lakini ongeza swali la pili. Malighafi gani hasa? Ilivunwa na nani, ikasafirishwa hadi mji gani, na huko nani alisimama mbele ya mtambo, kwa saa ngapi, kwa ujira gani? Bidhaa iliyotoka hapo iliuzwa kwa nani, naye aliilipia kwa kitu gani? Hapo kijana hunyamaza, na kosa si lake. Tumemfundisha Mapinduzi ya Viwanda kwa majina ya wavumbuzi na tarehe zao, kisha tukafungua sura nyingine iitwayo ukoloni, kana kwamba Afrika iliingia katika habari hii siku mabalozi walipoketi Berlin mwaka 1884.

Pwani yetu iliingia mapema zaidi. Miongo kadhaa kabla ya Berlin, watu wa Unguja na Bagamoyo walikwisha kuvaa nguo iliyofumwa kwa mashine Massachusetts, na meno ya tembo yaliyobebwa mabegani kutoka bara yalikuwa yakipasuliwa vipande katika karakana za Connecticut. Hakuna gavana aliyewalazimisha, wala bendera ya kigeni iliyopepea. Ilikuwa biashara, na ndani yake yalikuwamo mengi ambayo neno hilo halisemi.

Ndiyo maana katika sura hii nitafuata bidhaa moja tu, kitambaa cha pamba. Chuma kina habari zake, makaa ya mawe pia, navyo vitapita humu kwa haraka. Pamba nimeichagua kwa sababu ndiyo inayompeleka msomaji kutoka bonde la mto huko Derbyshire hadi shamba la watumwa Mississippi, kutoka hapo hadi forodha ya Unguja, na hatimaye hadi vilima vya Umatumbi, bila kuruka bahari yoyote kwa kubahatisha.

Jambo la kwanza la kuandika ubaoni ni kwamba Uingereza haioti pamba. Ni nchi ya baridi na mvua, na utajiri wake wa nguo ulikuwa sufu ya kondoo. Bingwa wa pamba alikuwa India. Mafundi wa Gujarati, Bengali na pwani ya Koromandeli walijua kusokota, kufuma na kutia rangi isiyochujuka, na kazi ya mikono yao ilivaliwa kuanzia visiwa vya Indonesia hadi Afrika Magharibi. Kwetu nako walikuwapo wafumaji. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zinazofumwa pale zikipelekwa hadi Misri, na wachimbuaji wa mambo ya kale wameokota Kilwa vigurudumu vya kusokotea uzi vilivyotengenezwa kwa vigae vya vyungu. Kwa hiyo tuache kusimulia habari hii kana kwamba dunia ilikuwa uchi ikimngoja Mwingereza aivishe.

Nguo za India zilipofurika London, wafumaji wa sufu walifanya ghasia, na Bunge likawasikiliza. Mwaka 1700 likazuia vitambaa vya pamba vilivyochapwa rangi kuingia kutoka Asia kwa matumizi ya nchini. Mwaka 1721 likapiga marufuku hata kuvivaa. Sheria hizo mbili hurukwa katika masomo mengi, nami naona ni hasara kubwa, kwa sababu zinaonyesha kwamba nchi iliyokuja kuwahubiria wengine biashara huria ililea viwanda vyake vya pamba nyuma ya ukuta wa sheria. Watu wa Lancashire walipewa nafasi ya kujifunza kazi ambayo India ilikuwa inaifanya vizuri kuliko wao.

Tatizo lao lilikuwa uzi. Mfumaji mmoja alihitaji wasokotaji wanne au zaidi, wengi wao wanawake walioketi nyumbani na gurudumu, ili mkono wake usikae bure. Mwaka 1733 John Kay alibuni njia ya kurusha mshindio kupitia mtande kwa kuvuta kamba, na mfumaji akaongeza kasi. Njaa ya uzi ikazidi. Ndipo kikaja kizazi cha watu waliohangaika na jambo hilo moja: James Hargreaves na mtambo wake mdogo wa mkono uliosokota nyuzi kadhaa kwa pamoja katika miaka ya 1760, Richard Arkwright, kinyozi na mtengeneza nywele za bandia, aliyepata hataza ya mtambo wa kusokota mwaka 1769 na kuuendesha kwa maji, na Samuel Crompton, aliyeunganisha fikra za wote wawili mwaka 1779. Sasa uzi ukawa mwingi kuliko wafumaji, na mwaka 1785 Edmund Cartwright, kasisi, akatoa mtambo wa kufuma usioendeshwa kwa mkono. Ulichukua miaka mingi kukamilika, na wafumaji wa mkono walioona neema ya muda mfupi waliishia katika ufukara mbaya.

Majina haya wanafunzi huyakariri. Mimi ningewapa kwanza namba nne. Msokotaji wa India aliyetumia mikono yake alihitaji zaidi ya saa 50,000 za kazi kugeuza ratili 100 za pamba, yaani kilo 45 hivi, kuwa uzi. Mtambo wa Crompton, mnamo 1780, ulihitaji saa 2,000. Kufikia 1795, mitambo ya aina hiyo iliyosaidiwa na nguvu ya maji au mvuke ilihitaji saa 300. Mtambo uliojiendesha wa Richard Roberts, mnamo 1825, saa 135. Acha darasa lipige hesabu lenyewe. Mtu mmoja akifanya kazi saa 10 kila siku bila kupumzika hata Ijumaa wala Jumapili, kazi ya kwanza itamchukua zaidi ya miaka 13. Ya mwisho itamchukua siku 13 na nusu. Mwanafunzi akishaiona tofauti hiyo kwa kalamu yake, hana haja ya kuambiwa kwa nini yaliitwa mapinduzi.

Kwa nini hapo, na kwa nini wakati huo? Wanahistoria hawajakubaliana, na ni vema darasa lijue hivyo. Robert Allen ameeleza kwamba mishahara ya Uingereza ilikuwa ya juu na makaa ya mawe yake ya bei nafuu, kwa hiyo mtambo uliookoa jasho na kula makaa ulimlipa mwenyewe pale kabla ya kumlipa mtu wa nchi nyingine yoyote. Injini ya Thomas Newcomen ya mwaka 1712 ilikuwa na ulafi wa makaa uliopita kiasi, nayo ilitumika zaidi kunyonya maji migodini, mahali ambapo makaa yalikuwa chini ya miguu. James Watt, aliyepewa kielelezo cha injini hiyo akitengeneze katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alitambua kwamba joto lilipotea kwa kulipoza silinda ile ile kila mara, akatenga chumba cha kupozea mvuke. Hataza yake ni ya 1769. Kenneth Pomeranz naye, katika kitabu cha mwaka 2000, alilinganisha Uingereza na bonde la mto Yangtze nchini China, akaona kwamba hadi karne ya 18 maisha hayakutofautiana sana; kilichoipa Uingereza nafasi ni makaa yaliyokuwa karibu, pamoja na ardhi ya Amerika iliyolimwa na wengine. Hoja ya Allen naikubali inapoeleza kuzaliwa kwa mashine. Lakini mashine isiyolishwa haisokoti kitu, na swali la nani aliilisha halijibiwi kwa kutazama mishahara ya Uingereza pekee.

Kabla ya kuvuka bahari, tuingie kiwandani. Arkwright alijenga Cromford, kando ya mto Derwent, mwaka 1771. Kilichokuwa kipya pale, zaidi ya mitambo, ni utaratibu. Watu walikusanywa chini ya paa moja, kengele ikawaita, zamu zikapokezana usiku na mchana. Kazi ya nyumbani ilikuwa imefuata jua, mvua, mtoto anayelia na chungu kilicho jikoni. Kazi ya kiwanda ilifuata gurudumu. Waajiri wa mwanzo walipendelea watoto, kwa kuwa waligharimu kidogo, walitii, na vidole vyao vilipita mahali ambapo vya mtu mzima havikupita.

Mwaka 1832 kamati ya Bunge iliyoongozwa na Michael Sadler iliwaita wafanyakazi waeleze maisha yao, na maswali na majibu yakachapishwa. Elizabeth Bentley wa Leeds, akiwa na miaka 23, alieleza kwamba alianza kazi katika kiwanda cha kitani akiwa na miaka sita. Kazi yake ilikuwa kuondoa vijiti vya uzi vilivyojaa na kuweka vitupu. Kwa kawaida alifanya kazi kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 1 usiku. Kazi ilipokuwa nyingi, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 3 usiku, na mapumziko ya dakika 40 adhuhuri. Waliochelewa walichapwa kwa mkanda. Mwili wake ulipinda kwa kazi ile.

Ushahidi huu usomwe darasani kwa sauti, na baada ya kuusoma, upimwe. Sadler alikuwa na upande: alitaka sheria ya saa 10, na mashahidi wake hawakula kiapo. Wenye viwanda walilalamika, tume nyingine ikaundwa kwenda kukagua. Wapo walioandika kinyume kabisa, kama Andrew Ure, ambaye kitabu chake cha 1835 kinawaonyesha watoto wa kiwandani wakiwa wachangamfu na wenye furaha. Mwanafunzi apewe wote wawili, aulizwe nani alikuwa na faida gani katika kusema alichosema. Ninachoweza kumwambia ni kwamba hata tume ile ya pili, iliyotakiwa na wenye viwanda, iliona haja ya sheria. Mwaka 1833 Bunge lilizuia watoto walio chini ya miaka tisa kuajiriwa katika viwanda vingi vya nguo, likawawekea wa miaka tisa hadi 13 kikomo cha saa 48 kwa wiki, na likateua wakaguzi wanne. Wanne, kwa nchi nzima.

Tahadhari hiyo hiyo inahitajika mbele ya takwimu. Ripoti ya Edwin Chadwick ya mwaka 1842 ilionyesha kwamba wastani wa umri wa kufa kwa vibarua wa Manchester ulikuwa miaka 17, na kwa vibarua wa Rutland, mkoa wa mashamba, miaka 38. Wanafunzi hudhani kwamba kijana wa Manchester alipofika miaka 17 alijiandaa kufa. Sivyo. Wastani ulishushwa na vifo vya watoto wachanga, waliouawa na maji machafu na vyumba vya chini ya ardhi visivyo na hewa. Ukishaelewa hivyo, namba inazidi kutisha.

Walikuwapo pia waliopinga kwa nyundo. Kati ya 1811 na 1816 mafundi wa Nottinghamshire, Yorkshire na Lancashire walivunja mitambo usiku kwa jina la Ludd, kiongozi wa kubuniwa. Mwaka 1812 Bunge lilifanya kuvunja mtambo kuwa kosa la kifo, na Januari 1813 watu 17 walinyongwa York. Kuwaita wajinga waliochukia maendeleo ni kuwaonea. Walikuwa mafundi wenye ujuzi. Walijua sawasawa mtambo ule ungewafanya nini, na hakuna aliyekuwa ameahidi kuwalisha watoto wao.

Sasa tuvuke bahari. Pamba iliyoota vizuri katika maeneo ya bara ya kusini mwa Marekani ilikuwa na mbegu zilizong'ang'ania nyuzi. Mtu mmoja kwa mkono alichambua ratili moja hivi kwa siku. Mwaka 1793 Eli Whitney alibuni mashine ndogo yenye meno ya waya iliyochambua ratili 50. Angalia basi jinsi kifaa kinachookoa jasho la kazi moja kinavyoweza kuongeza jasho la nyingine. Kuchambua kulikuwa rahisi, kwa hiyo kupanda na kuvuna kukawa na faida mahali ambapo hakukuwa nayo. Na kupanda na kuvuna kulifanywa na watumwa. Sensa ya Marekani ya 1790 ilihesabu watumwa karibu 700,000. Ile ya 1860 ilihesabu karibu milioni 4. Watu waliuzwa kutoka Virginia na Maryland kwenda Alabama na Mississippi, mume upande huu na mke upande ule, kwa sababu soko la Liverpool lilikuwa linanunua kila robota. Katika mkesha wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, sehemu kubwa mno ya pamba iliyosokotwa Lancashire ilitoka katika mashamba hayo.

Uingereza ilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka huo huo wa 1833 ilipowahurumia watoto wa viwandani. Viwanda vyake viliendelea kula pamba ya watumwa wa nchi nyingine kwa zaidi ya miaka 25. Eric Williams wa Trinidad aliandika mwaka 1944 kwamba faida ya utumwa wa Karibi ilisaidia kuchochea viwanda vya Uingereza, na Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaipanua hoja hiyo kwa Afrika nzima katika kitabu chake cha 1972. Kiasi cha faida hiyo kinabishaniwa mpaka leo. Kuhusu pamba yenyewe sioni cha kubishania. Marobota yalihesabiwa bandarini.

Wamarekani hawakutaka kubaki wauzaji wa pamba mbichi. Samuel Slater, aliyejifunza kazi katika kiwanda cha Uingereza, aliondoka mwaka 1789 akiwa ameihifadhi mitambo ya Arkwright kichwani, maana sheria ilikataza kutoa michoro nchini, na akaijenga upya Rhode Island. Francis Cabot Lowell naye alitembelea viwanda vya Uingereza, akarudi Massachusetts, na mwaka 1814 kampuni yake ikawa inasokota na kufuma mahali pamoja. Mji uliopewa jina lake ulijaa wasichana wa mashambani waliokuja kutafuta mshahara wao wa kwanza. Waligoma mwaka 1834 ujira ulipopunguzwa, na tena mwaka 1836 gharama ya malazi ilipopandishwa. Pamba waliyoifuma ilitoka Kusini, kwa watumwa wale wale.

Na sehemu ya nguo hiyo ilikuja kwetu.

Septemba 1833 Edmund Roberts, mfanyabiashara wa New Hampshire, alitia saini mjini Muscat mkataba na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Wamarekani waliruhusiwa kufanya biashara katika bandari zake kwa ushuru wa asilimia 5. Mwaka 1837 Richard Waters wa mji wa Salem, Massachusetts, alifika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Waters alikuwa mtu wa dini aliyeuchukia utumwa, naye alijikuta anafanya biashara katika mji ambao mizigo ilipakiwa na watumwa na karafuu zikachumwa na watumwa. Mwaka 1840 Seyyid Said aliituma merikebu yake Sultana hadi New York, ikiwa chini ya Ahmad bin Na'aman, na tende, karafuu, ngozi na pembe za ndovu. Watu wa New York walimiminika bandarini kuwatazama wageni, na Ahmad alichorwa picha. Iliporudi, merikebu ilibeba majora ya kitambaa cha pamba cha Marekani.

Kitambaa hicho, merekani, kilikuwa kizito, kigumu, hakikupaushwa wala kutiwa rangi. Wanunuzi wa bara walikipenda kwa sababu kilidumu. Wenye viwanda wa Uingereza walijaribu kukiiga, lakini watu walikishika, wakakipima kwa vidole, wakakikataa. Jambo hili nalisisitiza darasani kila ninapopata nafasi. Katika vitabu vingi Mwafrika ni "soko" tu, mfuko unaomiminiwa bidhaa. Hapa alikuwa mteja mwenye jicho kali, na chaguo lake liliamua ni kiwanda gani kipate kazi. Naumkeag, kiwanda kikubwa kilichofunguliwa Salem mwaka 1847 na kuendeshwa kwa mvuke, kilijulikana kwa kitambaa chake kilichouzwa Unguja.

Kutoka Bagamoyo kuelekea bara, merekani ilikuwa zaidi ya nguo. Ilikuwa fedha. Msafara ulilipa hongo kwa watemi wa Ugogo kwa mikono ya nguo. Mikono minane ilifanya doti moja. Wapagazi walilipwa kwayo, chakula kilinunuliwa kwayo, na kila mmoja wao alibeba kiasi cha frasila mbili, zaidi ya kilo 30, kwa miezi mitatu hadi Tabora. Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, alijaza kurasa nyingi kwa aina za nguo na bei zake, maana msafiri aliyebeba nguo isiyotakiwa alikuwa sawa na asiye na kitu. Burton aliwakuta pia wafumaji wa Unyamwezi na mitambo yao ya mkono. Nguo ya mashine haikuwaua kwa siku moja, lakini iliwabana mwaka baada ya mwaka.

Na malipo? Pembe za ndovu kwanza. Zile za Afrika Mashariki ni laini, hazipasuki ovyo chini ya msumeno, nazo zilipendwa Deep River na Ivoryton, miji midogo ya Connecticut iliyoishi kwa kutengeneza vitana na vibao vya piano. Pembe ilipasuliwa vipande vyembamba, vikapangwa katika vibanda vya vioo ili jua livifanye vyeupe. Piano ilikuwa alama ya nyumba iliyoinuka kwa mapato ya zama za viwanda. Bidhaa ya pili ilikuwa sandarusi, iliyochimbwa ardhini nyuma ya mwambao na kusafishwa Salem ili itengenezewe vanishi ya samani na magari ya farasi. Tembo walivyopungua karibu na pwani, misafara ilisogea mbali zaidi, hadi Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na pamoja na pembe walichukuliwa watu. Mahitaji ya sebule za Boston na New York yalifika katika vijiji vya Kongo mashariki kabla ya Mmarekani yeyote kuviona.

Mwaka 1861 Marekani iliingia vitani, na pamba ya Kusini ikafungiwa bandarini. Lancashire ilikumbwa na njaa. Mwishoni mwa 1862 karibu watu nusu milioni walikuwa wakila kwa msaada. Hata hivyo, mnamo Desemba 31 mwaka huo wafanyakazi walikutana Manchester wakamwandikia Abraham Lincoln kuunga mkono kukomeshwa kwa utumwa, naye akawajibu Januari 1863. Sijui tukio jingine katika habari hii yote ambalo mtu wa kiwandani alimtambua waziwazi mtu wa shambani aliyekuwa upande wa pili wa uzi wake. Unguja nako merekani iliadimika na bei ikapanda. Nafasi hiyo baadaye ilichukuliwa na Bombay, ambako kiwanda cha kwanza cha pamba chenye kuendeshwa kwa mvuke kilianzishwa katika miaka ya 1850. India, iliyokuwa imenyang'anywa soko lake na Lancashire, ilikuwa inasokota tena kwa mitambo.

Somo ambalo serikali za Ulaya zililipata katika vita vile ni la woga: usitegemee pamba ya shamba moja. Mwaka 1902 wenye viwanda wa Lancashire waliunda chama cha kukuza kilimo cha pamba ndani ya himaya, na kwa kuwa reli ilikwisha kufika Kisumu mwaka 1901, mbegu zilizosambazwa Uganda kuanzia miaka hiyo ziliifanya pamba kuwa zao lake kuu la biashara. Mkulima wa Uganda alilima katika shamba lake mwenyewe. Upande wa Wajerumani mambo yalikwenda vingine. Gavana von Götzen aliagiza mashamba ya pamba ya pamoja katika maeneo ya kusini-mashariki, chini ya majumbe na maakida, na watu walitolewa kwenye mahindi na mtama wao kwenda kulima kwa malipo duni yaliyowafanya wengine wakatae hata kuyapokea.

Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, wazee waling'oa mashina ya pamba. Ndivyo vita vya Maji Maji vilivyoanza. Kabla ya bunduki na mkuki, kabla ya kushambulia boma lolote, tendo la kwanza lilikuwa kuling'oa lile zao. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amekwisha kuwaunganisha watu kwa maji ya dawa. Chuki dhidi ya pamba walikuwa nayo tayari. Wajerumani walijibu kwa moto na kwa njaa, wakichoma maghala na mashamba. Wanahistoria wanakadiria vifo kati ya 75,000 na 300,000. Ukikiacha kiwanda cha nguo nje ya somo la Maji Maji, wazee wale wanaonekana kama watu waliochukia mmea.

Tunavijua vingi kati ya hivi kwa sababu watu walikwenda kuuliza. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walirudi katika wilaya za kusini, wakaketi na wazee waliokuwa wanakumbuka, wakaandika walichoambiwa, pamoja na kazi ya G. C. K. Gwassa na John Iliffe. Walichokusanya ni hazina hadi leo.

Mwaka huo huo wa 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China. Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma, Kilitex ya Arusha, Kicomi ya Kisumu, Rivatex ya Eldoret na Nytil ya Jinja ni majina ya historia hii hii, na wengi waliosimama mbele ya mitambo yake bado wako hai, wengine katika mitaa ile ile ambayo wanafunzi wetu hupita wakienda shule. Kazi ninayopendekeza kwa darasa lolote linalofika mada hii ni kwenda kwao na daftari. Shikamoo kwanza, kisha maswali. Zamu ya kwanza ilianza saa ngapi, na nani aliwaamsha? Kelele za chumba cha kufumia ziliwafanya nini masikioni? Pamba ilitoka wapi, na nguo ilikwenda wapi? Nani alishika ufunguo wa mashine, nani alirekebisha, vipuri vilitoka nchi gani? Mshahara wa kwanza ulinunua nini? Wanawake walilipwa sawa na wanaume? Mliwahi kugoma? Siku kiwanda kilipopunguza watu, mliambiwa na nani, na kwa maneno gani? Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, kwa jina la mji na mwaka, na nakala ibaki maktaba ya shule.